Dada yangu wa Bolton na mtihani wa uraia: nafasi inawekwaje?

Mwalimu_BaseCamp

Salamu ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda. Dada yangu mkubwa alihamishiwa Uingereza na watoto wake kutoka hapa hapa kambini, sasa yuko Bolton, anafanya usafi hospitalini zamu ya usiku. Anataka uraia, na kabla ya kuomba lazima ashinde ule mtihani wao wa maisha ya Uingereza.

Shule aliiachia darasa la nne, vita vilipofika kwetu Masisi, Kongo. Kwa hiyo tumegawana kazi. Alinunua kitabu cha kujiandaa na mtihani, toleo la tatu, akapiga picha ukurasa kwa ukurasa, akanitumia zote kwa WhatsApp (bando langu lilikwisha mara mbili). Jioni nikishachaji simu pale dukani namrekodia sauti kwa Kiswahili, naye anasikiliza kwenye basi akitoka kazini. Wake sita wa mfalme Henry wa Nane amewashika kwa kuwapa majina ya majirani zetu wa New Congo, kijiji cha hapa kambini. Yule wa mwisho amempa jina la mama mmoja muuza samaki aliyezika waume watatu. Tulipofika mahali kitabu kinaposema Uingereza iliwapokea watu 28,000 wenye asili ya Kihindi waliofukuzwa Uganda, dada alinirudishia sauti ya kelele tupu: "Uganda imo! Uganda imo!" Ukurasa huo hausahau tena.

Sasa shida zangu. Yeye na kompyuta hawajuani, je, naweza kumwekea nafasi mimi kutoka huku kwa simu yangu? Mtihani unafanyika kwa Kiswahili? Halafu kuna bwana mmoja Mbarara anasema kwa milioni moja na nusu anapanga mtihani ufanyike Kampala na cheti kitoke. Dada yuko tayari kutuma hela. Nimemwambia asubiri niulize.

FundiSimu_Katwe

Mwalimu, kwa milioni moja na nusu huyo bwana atafaulu mtihani wa kununua bodaboda. Kampala hakuna kituo. Usitume hata mia.

MamaBaraka_Sheffield

Mwalimu, pole na kazi. Mimi nilitokea kambi ya Kyaka II huko huko Uganda, nimefanya mtihani huo mwaka juzi, nikashindwa mara ya kwanza kwa alama moja. Kwa hiyo nisikilize.

Unafanyika Uingereza tu, kwenye vituo vyao, mbele ya kompyuta. Nafasi inawekwa kwenye tovuti ya serikali, ile ya GOV.UK, kwa pauni 50, angalau siku tatu kabla. Zipo tovuti nyingine zinazofanana nayo zinazomtoza mtu zaidi, mwambie aangalie anwani vizuri. Wewe ukiwa Nakivale unaweza kumwelekeza kwa simu akijaza, lakini barua pepe iwe yake, kwa maana uthibitisho unaenda huko. Mimi niliweka ya mtoto wangu wa kiume, akabadilisha nywila, nikahangaika wiki nzima kumtafuta.

Kiswahili hakuna. Ni Kiingereza, au Kiwelshi na Kigaeli cha Uskoti kwa anayeomba, na sidhani dada yako amefika huko. Maswali ni 24, dakika 45, anatakiwa kupata 18. Muda unatosha kabisa, mimi nilimaliza dakika ya ishirini nikakaa natazama ukuta. Kinachoangusha ni yale maswali ya kuchagua majibu mawili kati ya manne. Ukipata moja tu, umekosa lote.

Hapo ndipo nina wasiwasi na hizo sauti zako, mdogo wangu, na usinikasirikie. Mume wangu alinifundisha hivyo hivyo. Nilijua habari ya wazee wa mahakama, nimeishika kama sala. Siku ya mtihani ikaja "jury" kwenye kioo, nikaitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha. Nilikuwa na jibu, swali sikulitambua. Hiyo ndiyo alama moja iliyonirudisha nyumbani. Ilibidi kusubiri siku saba na kulipa 50 nyingine.

Endelea kumhadithia kwa Kiswahili, lakini neno la kushika liache kwa Kiingereza, na alione limeandikwa. Mwambie abandike karatasi kwenye friji.

Kijana_Kyangwali

Mama Baraka kasema yote, naongeza la jina. Dada yako atatumia kitambulisho gani? Kama ni hati ya kusafiria ya wakimbizi yenye picha, inakubalika. Lakini wakati wa kuweka nafasi majina yaandikwe kama yalivyo kwenye hati, herufi kwa herufi, hata kama yamekosewa.

Nasema hivyo kwa sababu sisi Wakongo majina yetu yalipinduliwa kambini. Mimi la ubatizo liliingia mahali pa ukoo, na la babu likakatwa herufi moja. Wakati wa kuweka nafasi nikajifanya mtu wa kurekebisha, nikaandika jina langu sahihi, lile alilonipa baba. Nikasafiri saa mbili kwa treni. Mpokeaji akatazama hati, akatazama kompyuta, akaniambia pole, leo hufanyi. Pauni 50 zikaenda. Nilikasirika, lakini kumbe onyo lilikuwa kwenye barua pepe tangu mwanzo, sikulisoma.

Na akiona siku haimfai, afute siku tatu kabla, hela inarudi. Akishinda anapewa namba, aitunze, ndiyo ataijaza kwenye ombi. Haina mwisho wa muda.

MamaBaraka_Sheffield

Nimesahau: mtihani wa Kiingereza cha kuzungumza na kusikiliza ni mwingine kabisa, kiwango cha B1, yaani cha kati. Usimwache afikiri huu mmoja unatosha. Kwa mtu anayefanya kazi na wenyeji kila usiku, huo haumtishi.

Mwalimu_BaseCamp

Asanteni sana, na Mama Baraka sikukasirika, ingawa niliisoma mara mbili nikiwa nimenuna. Nimefungua sauti zangu za zamani. Kumbe nimekuwa nikisema "baraza la juu" la bunge lao miezi mitatu, House of Lords sijaitaja hata mara moja. Watakatifu wao wanne walinzi wa nchi nimewafundisha kwa sikukuu zao, na dada anajua kuwa tarehe 30 Novemba ni Andrea wa Uskoti, lakini nilipomwandikia "St Andrew" akaniuliza huyo ni nani. Mwalimu mzima!

Jana tumeweka nafasi. Alitoka kazini saa mbili asubuhi kwao, hapa saa tano, watoto wangu wakiwa mapumziko. Hati yake ilikuwa mkononi, akanisomea herufi moja moja, nami nikawa namkagua. Jina la mama yetu kweli limeandikwa vibaya, limezidi "h". Aliniuliza mara tatu kama tuliache hivyo. Tumeliacha.

Bwana wa Mbarara amepiga tena leo, ameshuka hadi laki nane. Fundi, nimemwambia akanunue bodaboda.

Mtihani ni Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia sasa. Siku hiyo nina darasa la sita hesabu. Nimeshamwomba mwalimu mkuu niache simu mezani, iwe na sauti.