Urari wangu umekataa kulingana kwa shilingi 5,400: kosa liko wapi?

mwanafunzi_wa_tudor

Assalaam aleikum wakubwa zangu. Niko mwaka wa kwanza wa shahada ya biashara hapa Mombasa, na mtihani wa hesabu za fedha umebakisha wiki tatu. Tumepewa zoezi la duka la leso la Biashara Street, mwezi wa Januari:

Tarehe 1, mwenye duka aweka mtaji wa 300,000 benki. Tarehe 2, alipa kodi ya duka ya miezi mitatu, 60,000, kwa benki. Tarehe 3, achukua doti 200 za leso kwa mkopo, 600 kila doti. Tarehe 5, anunua rafu za 48,000 kwa benki. Zatarajiwa kutumika miaka minne. Mwezi mzima auza doti 90 kwa taslimu na doti 40 kwa mkopo, zote kwa 900. Tarehe 20, amlipa muuzaji wa jumla 70,000 kwa benki. Tarehe 25, wadaiwa walipa 15,000 taslimu. Tarehe 28, kibarua alipwa 12,000 taslimu. Tarehe 31, umeme 2,700 taslimu.

Urari wangu, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote: kushoto nina benki 122,000, taslimu 81,300, wadaiwa 21,000, rafu 48,000, kodi ya duka 60,000, manunuzi 120,000, mshahara 12,000. Jumla 464,300. Kulia nina mtaji 300,000, mauzo 117,000, wadai 50,000, umeme 2,700. Jumla 469,700.

Pili, benki ikipokea pesa zangu huniandikia kwamba akaunti yangu "imekreditiwa", lakini darasani pesa zikiingia twadebiti. Lipi sahihi?

Tatu, jibu la mwalimu ni faida ya 3,300. Pesa za duka zimepungua karibu laki moja. Faida hiyo yatoka wapi?

karani_wa_leja

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umefanya vizuri kuweka nambari zote, maana bila nambari mtu angekujibu kwa kubahatisha.

Kosa ni umeme. Umeme ni gharama, na gharama hukaa kushoto. Ukiuhamisha, kila upande utasoma 467,000.

Lakini jifunze namna ya kulitafuta, kwa sababu katika mtihani hutapata wa kukuonyesha. Kabla ya kurudia hesabu yote, ichukue tofauti yenyewe uichunguze. Kwanza, tafuta kama kuna salio lililo sawa nayo: 5,400 ingekuwepo mahali, huenda umelisahau kuliandika. Halipo. Pili, igawanye kwa 2: 2,700. Salio likiwekwa upande usio wake, tofauti huwa mara mbili yake, kwa sababu limepungua huku na kuongezeka kule. Tatu, igawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu zimepinduana, au sifuri imedondoka, kama 12,000 kuandikwa 1,200.

Na hapa zoezi lako lina mtego mzuri sana. 5,400 yagawanyika kwa 2 na kwa 9 pia. Mtu angeandika mauzo ya mkopo ya 36,000 kama 30,600 kwenye akaunti ya wadaiwa, upande wa kushoto ungepungua kwa 5,400 hizo hizo. Vipi utajua ni lipi? Angalia salio la wadaiwa: 36,000 kutoa 15,000 ni 21,000, na ndivyo ulivyoandika. Basi hapo pako safi, wabaki na umeme peke yake. Vipimo hivi vyakuonyesha pa kuanzia tu. Ushahidi uko kwenye leja, daftari lenye akaunti zote.

Nadhani kosa limetokea hivi. Ukifunga akaunti, nambari ya kusawazisha huiandika upande uliopungua. Akaunti ya umeme ina 2,700 kushoto, kulia hakuna kitu, kwa hivyo umeandika 2,700 kulia ili zilingane, kisha ukaibeba hiyo ya kulia mpaka kwenye urari. Sivyo. Salio ni la upande uliozidi, na hufunguliwa tena kushoto tarehe 1 Februari. Unaponakili kwenda kwenye urari, nakili salio lililofunguliwa, chini ya mstari wa jumla.

Jambo moja ambalo wengi hulikosa mtihanini: urari kulingana hakuthibitishi kwamba vitabu ni sahihi. Ungesahau kabisa kuandika umeme, pande zote mbili, ungelingana. Ungeweka rafu kwenye manunuzi, ungelingana. Ungeandika 30,600 kwa wadaiwa na 30,600 kwa mauzo, ungelingana vilevile. Na malipo ya mdaiwa mmoja yakiingia kwenye akaunti ya mdaiwa mwingine, urari haujui lolote. Utajua siku utakapomdai mtu aliyekwisha kulipa.

bi_mizania

Nichukue la benki, maana hilo ndilo linalowavuruga wanafunzi tangu wiki ya kwanza.

Yote mawili ni sahihi, ila vitabu ni viwili. Wewe ukiweka 300,000, kwako ni mali imeongezeka, waiandika kushoto. Kwa benki, zile 300,000 ni deni: itakulipa utakapozitaka. Deni likiongezeka huandikwa kulia. Ujumbe unaoupata kwenye simu umetoka kwenye vitabu vyao, si vyako. Ndiyo maana taarifa ya benki na daftari lako la benki huonekana kama mtu na picha yake kwenye kioo.

Kwa hivyo futa kabisa wazo kwamba debiti ni mbaya na krediti ni nzuri, au kwamba moja ni kuingia na nyingine ni kutoka. Debiti ni kushoto. Krediti ni kulia. Basi. Maneno yenyewe yana asili ya Kilatini, ya kudaiwa na kuamini, na maana hizo zilifaa akaunti za watu: fulani nadaiwa naye, fulani namdai. Kwa akaunti ya rafu au ya umeme maana hizo hazikusaidii, zakupoteza. Utaratibu huu Luca Pacioli, mwanahesabu wa Italia, aliuchapisha Venice mwaka 1494, na wafanyabiashara wa huko walikuwa wakiutumia tayari. Umebaki vilevile kwa sababu kila tukio lina pande mbili.

Unachohitaji kukariri ni mstari mmoja: mali na gharama hukua kushoto, madeni, mtaji na mapato hukua kulia. Kinachopungua huandikwa upande wa pili.

Kisha kwa kila tukio jiulize kwa mpangilio huu, usiruke: Ni vitu gani viwili vimebadilika? Kila kimoja ni cha aina gani katika hizo tano? Kimeongezeka au kimepungua? Hapo ndipo uandike kushoto au kulia, kamwe si kabla. Chukua tarehe 20. Vilivyobadilika ni benki na muuzaji wa jumla. Benki ni mali, imepungua: kulia 70,000. Muuzaji ni deni, limepungua: kushoto 70,000. Wanafunzi wengi hapa huandika "manunuzi" kwa sababu wameona pesa imemwendea muuzaji. Manunuzi yalikwisha kuandikwa tarehe 3, mzigo ulipofika. Ukiyaandika tena umenunua leso mara mbili kwenye karatasi.

Fanya matukio kumi kila siku kwa mkono, kwa kalamu, akaunti ya umbo la T. Kutazama jibu la mwenzako hakutoshi, kwa sababu jibu lililoandikwa tayari huonekana rahisi siku zote.

hesabu_za_kisauni

La faida.

Faida haihesabiwi kwa pesa zilizoingia na kutoka. Huhesabiwa kwa mapato ya mwezi huo, kutoa kile kilichotumika kuyapata mapato hayo. Zoezi lako laonyesha hivi:

Mauzo ni doti 130 kwa 900, yaani 117,000, pamoja na za mkopo. Leso zilizouzwa zimegharimu 130 kwa 600, yaani 78,000. Doti 70 zilizobaki, za 42,000, bado ni mali. Zitakuwa gharama mwezi zitakapouzwa. Faida ghafi: 39,000. Kodi ya duka ya Januari ni 20,000 tu. 40,000 ni haki ya kukaa dukani Februari na Machi, nayo ni mali. Mshahara 12,000. Umeme 2,700. Rafu: 48,000 kwa miaka minne ni 12,000 kwa mwaka, 1,000 kwa mwezi, na huo ndio uchakavu. Jumla ya gharama 35,700. Kinabaki 3,300.

Pesa nazo zilianza 300,000, sasa ni 122,000 na 81,300, yaani 203,300. Zimepungua 96,700. Ziko wapi? Anza na faida 3,300, rudisha uchakavu 1,000 kwa sababu hakuna aliyelipwa uchakavu. Ongeza 50,000 za muuzaji ambazo hujalipa. Toa 42,000 zilizolala kwenye leso, 21,000 zilizo mikononi mwa wadaiwa, 40,000 za kodi ya mbele, na 48,000 za rafu. Utapata upungufu wa 96,700 kamili. Fanya hesabu hii kwa kila zoezi hata kama hukuulizwa. Ndipo utaona kwa nini duka lenye faida laweza kukosa pesa ya kulipa muuzaji.

Mizania, yaani orodha ya mali upande mmoja na madeni na mtaji upande wa pili, itakuwa: rafu 47,000, leso 42,000, wadaiwa 21,000, kodi iliyolipwa kabla 40,000, benki 122,000, taslimu 81,300. Jumla 353,300. Upande wa pili wadai 50,000, mtaji 300,000 na faida 3,300.

Mwalimu aweza kukuongezea mitego miwili. Wa kwanza: doti kumi kati ya zile 70 zimelowa, zitauzwa 450. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa, IAS 2, chataka bidhaa zithaminiwe kwa bei ndogo kati ya gharama yake na kile zitakachokupa zikiuzwa. Wapunguza 150 kwa kila doti, jumla 1,500, na faida yashuka mpaka 1,800. Wa pili: mwenye duka achukua 5,000 za matumizi ya nyumbani. Hiyo si gharama ya duka, usiiguse faida. Ipunguze kwenye mtaji.

Na ukikutana na duka lililosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, bei ya 1,160 ina mauzo ya 1,000 tu. Zile 160 ni deni lako kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, tangu siku ya kuuza.

mwanafunzi_wa_tudor

Shukran sana wakubwa zangu, umeme umehama na urari umelingana. Nimebaki na moja: zile leso za 42,000 hazimo kwenye urari, lakini zimo kwenye mizania. Zimeingiaje bila kuvunja ulinganifu?

karani_wa_leja

Zimeingia kwa pande mbili kama kitu kingine chochote, baada ya urari. Tarehe 31, umeshamaliza kuhesabu doti zilizo kwenye rafu, andika kushoto akaunti ya bidhaa 42,000, na kulia kwenye akaunti ya biashara 42,000, ile inayokupa faida ghafi. Huko manunuzi ya 120,000 yapungua kuwa 78,000. Kodi nayo hivyo hivyo: kushoto kodi iliyolipwa kabla 40,000, kulia kodi ya duka 40,000. Uchakavu: kushoto gharama ya uchakavu 1,000, kulia uchakavu uliolimbikizwa 1,000, akaunti ya rafu iache na 48,000 yake, usiikate moja kwa moja, ili mtu aone bei ya kununulia na kiasi kilichokwisha kuchakaa.

Na hizo doti 70 zihesabiwe kwa macho, usitoe 130 kwenye 200 ukaridhika. Ukikuta 68, mbili zimepotea au zimeuzwa bila kuandikwa, na bidhaa zako ni 40,800.