Naombeni ushauri: michezo ya gizani kama ya Prague, hapa Umoja, Nairobi

Wadau, habari za jioni. Mwezi jana kazi ilinipeleka Prague, Jamhuri ya Cheki, nikaingia kutazama michezo yao ya kuigiza ya gizani. Mwavuli ulipaa wenyewe, ukageuka, ukatua kichwani pa mtu. Nilikodoa macho hadi machozi yakanitoka, sikuona kamba wala mkono! Baadaye nikaelezwa: waigizaji wengine huvaa mahameli nyeusi toka utosini hadi unyayoni, mbele ya pazia jeusi, na taa za urujuanimno (UV) hung'arisha tu vile vitu vilivyopakwa rangi maalumu.

Sasa nimewaahidi watoto wa kanisani kwetu Umoja kitu kama hicho Desemba. (Mdomo huu!) Kwenye maduka ya barabara ya Luthuli nimepata kitaa kidogo cha UV cha kukagulia noti bandia tu, hakiangazi hata kiatu. Mahameli niliyonunua Eastleigh nayo inameremeta, mkono wote unaonekana.

Mliowahi kushika kazi za jukwaani, taa kubwa nitapata wapi bila kufilisika? Kitambaa gani kinameza mwanga? Na watoto wa miaka 6 watavumilia giza kweli, au nitaishia kubembeleza vilio?