Bedford ya mwaka 1966 inatetemeka: difu iliyotumika ninunue kwa bei gani?

Mrithi wa Bedford: Ndugu wanajamvi, nimelifufua lori la marehemu baba, Bedford TJ, na sasa watu husimama pale Mwanjelwa, Mbeya, kulitazama. Hata hivyo, likifika kilomita 65 kwa saa sakafu hutetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu, na juzi lilinitesa nikipanda mlima Kitonga kule Iringa na shehena ya viazi. Misalaba, yaani viungo vya ncha za propela shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, ni mipya na magurudumu yamesawazishwa. Naomba kujua bei ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma.

Fundi wa Uyole: Bei baadaye, ndugu. Nenda kwenye tambarare ya Igurusi, ufike mwendo huo, kisha ukanyage klachi na uiache injini ipunguze mzunguko. Mtetemo ukiisha, shuku injini na maunti zake, yaani vishikizo vinavyoifunga kwenye chesisi. Ukibaki vilevile, tatizo liko nyuma ya giaboksi.

Mzee wa Isyonje: Wanangu, kipimo hicho kisifanyike kwenye mteremko wa Iwambi, kwa sababu lori lisilo na gia hutegemea breki peke yake, nazo zikipata moto hazishiki. Sisi tuliopeleka mafuta Zambia baada ya 1965, barabara ikiwa vumbi na tope, tulitetemeka safari nzima na hatukumwomba mtu ushauri.

Mrithi wa Bedford: Shikamoo mzee. Nimepima Igurusi, na mtetemo unabaki. Giaboksi haina shida, ni ya Isuzu na ilikuja na injini yake.

Fundi wa Uyole: Ya Isuzu? Na propela shafti je?

Mrithi wa Bedford: Injini ya petroli ilikunywa mno, nikaweka ya dizeli. Giaboksi yake ni ndefu kidogo, kwa hiyo shafti ilikatwa ikachomelewa na kijana stadi sana. Sioni sababu ya kurudi huko, maana difu nimekwisha kuitolea malipo ya awali.

Dalali Mstaafu: Uzi huu umetungwa. Viazi vyetu hushuka Kitonga kwenda Dar es Salaam. Wewe ulikuwa unavipandisha kuelekea wapi?

Mrithi wa Bedford: Mnunuzi wa Morogoro aliukataa mzigo, nikaurudisha.

Dalali Mstaafu: Viazi vilivyokataliwa, kwa bei hii ya dizeli!

Fundi wa Uyole: Viazi tuviache. Msalaba ukifanya kazi kwa pembe, kila shafti inapozunguka mara moja mwendo wake huharakishwa na kupunguzwa mara mbili, na msalaba wa pili hufuta kasoro hiyo iwapo tu uma mbili za shafti, yaani ncha zake zinazoshika misalaba, zimelala katika usawa mmoja, na pembe ya giaboksi inalingana na ya difu. Aliyechomelea akikosea usawa huo, misalaba mipya haisaidii kitu. Ingia uvunguni, utuambie uma zimekaaje.

Mrithi wa Bedford: Wa mbele umesimama wima. Wa nyuma umelala kando, karibu robo ya mzunguko. Lakini difu nayo ina miaka mingi.

Fundi wa Uyole: Iache hapo ilipo. Shafti ikatwe, uma zilinganishwe, ichomelewe upya na isawazishwe kwenye mashine kabla ya kufungwa. Kisha upime pembe ya giaboksi, kwa kuwa maunti za Isuzu hazikutengenezwa kwa chesisi hiyo.

Mrithi wa Bedford: Na malipo yangu ya awali?

Dalali Mstaafu: Mwombe muuzaji akulipe kwa viazi.