Naomba ushauri: maneno yasokuwa na picha nayashikaje?

Asalaam alaykum ndugu zangu, mie natembeza wageni Mji Mkongwe na najifunza Kitaliano, sasa nimeanza kuhifadhi maneno kwa picha za kichwani na wallahi inasaidia, mfano mela ni epo basi naliona epo kubwa limekaa juu ya meli ya Pemba, sabbia ni mchanga naona mafungu saba ya mchanga pwani Nungwi, hayo hayanitoki kabisa. Tabu yangu ni maneno kama però (lakini) na quindi (kwa hivyo), hayana umbo, nimeyaandika daftarini mara ishirini ishirini asubuhi yameshapotea. Mnayatengenezea picha gani? Na marudio nifanye kila siku au niruke siku? Ntashkuru sana.