Naombeni ushauri: kuvuta waya wa intaneti hadi kwenye TV boksi

Wakuu, habari za jioni. Nipo Gungu, Kigoma. Ruta iko sebuleni, TV boksi iko chumba cha uani. Waifai ikishapenya kuta tatu za matofali ya kuchoma inafika hoi. Nataka kuvuta waya wa Cat6 (aina ya waya wa intaneti), mita kama 30 (najua kikomo ni 100). Tatizo boksi halina tundu la waya, lina USB mbili tu. Fundi mmoja anasema ninunue adapta ya USB yenye tundu la waya huo. Mwingine anataka tupitishe intaneti kwenye nyaya za umeme. Hizo nyaya zenyewe ni za enzi za marehemu babu, naogopa! Aliyetumia adapta, boksi liliitambua lenyewe? Na waya ukipita nje, jua haliuli?