Tupeane uzoefu: ugomvi gani ulivunja meza yenu ya gemu za dadu na wahusika?

mtoto_wa_mwanga
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita kibaraza kimoja hapa Mwanga nikakuta madogo wamekunjana mashati kisa ludo, mmoja anasema dadu imegonga ukuta irushwe upya, mwenzake anasema sita ni sita. Nikakumbuka meza yetu ya Dungeons & Dragons ilivyokufa. Kwa ambao hawajaipata, ni ule mchezo kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, mmoja wenu ndo gemu masta anasimulia dunia nzima, ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu ya pande ishirini unajumlisha na uwezo wako. Waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani, ukatoka 1974. Huku Kigoma wengi tulianza na ile pdf ya sheria za msingi ya bure, tukawa tunarushiana kwenye simu.

Sisi kilichotuua ni gemu masta kubadili sheria katikati. Wiki hii ngao inazuia moto wa joka, wiki ijayo haizuii kwa sababu tu tumeanza kushinda. Hata drafti kabla hamjaanza mnaulizana kete ndogo inakula kurudi nyuma au hailii, mkishakubaliana mnacheza mpaka jua linazama. Msimamo wangu ni huo, sheria isemwe dadu haijaanguka. Nyie yenu yalikuwaje? Sheria, wahusika, upendeleo, mwageni yote.

fundi_gungu
Umenigusa kaka. Na sisi ni hayohayo.

kwihara_1
Mwangaluka wakuu, Tabora hapa. Kwetu ulianzia kwenye kuunda wahusika kabla hata gemu haijaanza. Mnajua kwenye sheria za mchezo za 2014 unachagua mhusika wako ni kiumbe gani wa hadithi, ukichagua elfi unapata nyongeza ya wepesi, ukichagua dwafu unapata ustahimilivu, ukichagua nusu oki unapata nguvu. Sasa jamaa mmoja akasema haya mambo ya elfi hatuyajui tuweke makabila yetu, Mnyamwezi apewe miguu kwa sababu ya upagazi, Mmanyema apewe maneno, Muha apewe mgongo wa kubeba. Watu wakacheka maana utani upo siku zote. Halafu akaongeza, na wa kupunguziwa akili ni nani? Pale kicheko kikakata. Dada mmoja mezani alifunika kalamu yake akasema mimi sichezi mchezo wa kuambiwa nimezaliwa na akili pungufu, hata kama ni wa kubuni.

Tulikaa kimya muda mrefu aisee. Mwisho tukakubaliana nyongeza itoke kwenye maisha aliyoishi mhusika. Kama alikulia kwenye misafara akibeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo basi ana ustahimilivu, awe kabila lolote. Kama alikuwa mfua chuma ana nguvu. Na toleo la 2024 wenyewe wameifanya hivyohivyo, nyongeza wamezitoa kwenye asili ya mhusika wakazihamishia kwenye historia yake. Sisi tulifika huko kwa sababu dada yule alifunika kalamu.

mzee_wa_reli
Hapo kwenye Muha kupewa mgongo nakuja huko Tabora na treni ya kesho tuongee vizuri

kwihara_1
Karibu mtani, uje na migebuka, asali utaikuta.

binti_kibirizi
Jamani mtanisamehe urefu ila hii sijawahi kuiandika mahali na leo lazima niiseme.

Tulikuwa watu watano, tunachezea nyuma ya duka la nguo la shangazi wa mmoja wetu, jioni akishafunga. Dadu ya pande ishirini hatukuwa nayo, tulikuwa na dadu za ludo tu, kwa hiyo ishirini tukaitengeneza kwa vikaratasi, moja mpaka ishirini, vimekunjwa vipo ndani ya kofia. Unachomoa, unaonyesha, unarudisha, unatikisa. Shikeni hapo kwenye KURUDISHA.

Gemu masta wetu kwa kusimulia alikuwa hatari, nampa haki yake. Alitunga kisa cha meli iliyolala chini ya ziwa, alikitoa kwenye Liemba yetu, si mnajua Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 ikiwa bado inaitwa Goetzen, na kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka mashine grisi zisile kutu, Waingereza wakaiinua 1924 na 1927 ikarudi kazini. Basi kwenye gemu sisi ndo tumetumwa kuinua meli, na ndani kumejaa maiti zinazotembea. Mhusika wangu aliitwa Bi Chumvi, muuza chumvi wa Uvinza aliyejifunza uchawi kwa kusoma vitabu vya wateja wasiolipa madeni. Rafiki yangu alikuwa na Mzee Karabai, mvuvi wa dagaa aliyekuwa kuhani wa mwanga, alama yake takatifu ni karabai ya mtumbwini. Nawaambia mhusika mzuri kuliko yule sijaona. Alikuwa na sauti yake, ana wimbo wake akiwasha taa, tulikuwa naye tangu masika mpaka masika mengine.

Na alikuwepo mpiganaji wa jamaa mwingine. Sisi wote tulitumia zile namba za kawaida za uwezo wa mhusika, 15, 14, 13, 12, 10, 8, yeye akaja na 18, 18, 17, akasema nilirusha nyumbani. Gemu masta akapitisha. Tangu siku hiyo kila adui anakufa kwa mkono wake, sisi tumekuwa wabeba mizigo yake.

Sasa siku yenyewe. Tuko chumba cha mashine, maiti zimetuzunguka, Mzee Karabai yupo katikati yao ana pointi 31 za uhai. Nikamwambia nina mpira wa moto ila na wewe utaungua. Akasema tupa, nitastahimili. Tulipiga hesabu wote wawili, mpira wa moto ni dadu nane za pande sita, wastani 28. Nikarusha, ikatoka 26. Yeye akachomoa kujinusuru, akashindwa, kwa hiyo anakula zote 26. Anabaki na 5, amesimama, maiti zimekwisha. Tukashangilia.

Gemu masta akasema subirini, humu kuna grisi, moto unazidishwa mara mbili. 52.

Nikamwambia sheria inasema moto unawasha vitu vinavyoshika moto ambavyo hakuna aliyevivaa wala kuvibeba, haisemi madhara yanaongezeka. Akasema mezani kwangu grisi inaongeza. Nikamuuliza mbona hukusema kabla sijarusha? Akasema Bi Chumvi hakuuliza. Mzee Karabai akaanguka, akaanza kuchomoa za kufa na kupona. Kumi kwenda juu unapata alama ya kupona, chini ya kumi alama ya kufa, ishirini unasimama palepale na pointi moja. Akachomoa 12. Akachomoa 6. Mimi natetemeka. Akachomoa 1, na moja inahesabika alama mbili za kufa, jumla tatu. Kwisha. Rafiki yangu aliikunja karatasi ya mhusika mara mbili akaiweka mfukoni hakusema neno.

Ikafika zamu ya yule mpiganaji. Akaingiza mkono kwenye kofia, akautoa, ishirini! Mimi nikaona kikaratasi kimetokea kwenye mkanda wa saa yake, hakikutoka kwenye kofia. Nikamshika mkono hapohapo, nikaimwaga kofia mezani, tukahesabu mbele ya shangazi aliyekuwa amekuja kutuambia tupunguze kelele. Kumi na tisa. Ishirini alikuwa nayo tangu alipompiga mlinzi wa mlangoni mwanzo wa mchezo. Mzee Karabai alikuwa anachomoa kwenye kofia isiyo na ishirini.

fundi_gungu
Daaaah

kasulu_mjini
Mkanda wa saa!! Huyo mtu hafai hata kucheza kibaba baba.

mzee_wa_reli
Mi ningemaliza na kofia yenyewe nimemvisha.

mwl_hesabu_tbr
Dada pole sana, nimesoma mpaka moyo ukaenda mbio. Naomba niweke hesabu maana kuna watu watasema karatasi moja si kitu. Kofia kamili, nafasi ya kupata kumi kwenda juu ni 11 kati ya 20, asilimia 55. Bila ishirini ni 10 kati ya 19, kama asilimia 52.6. Hapo utaona ni kidogo. Lakini ishirini inamwinua palepale, na kwa kuchomoa mara tatu nafasi ya kuipata angalau mara moja ni asilimia 14 na ushee. Yeye aliifanya sifuri. Na moja nayo ilikuwa 1 kati ya 20 ikawa 1 kati ya 19. Huo ni wizi kwa kila upande unaoupima.

Na zile 18 mbili. Ukirusha dadu nne za pande sita ukaacha ndogo ukajumlisha tatu zilizobaki, 18 inatoka mara 21 katika 1296. Kupata mbili au zaidi kwenye namba sita ni chini ya mara 4 katika 1000. Inawezekana, lakini anayepata hivyo arushe mbele za watu.

simu_tu
Haya yote yasingetokea mngetumia simu. Programu za kurusha dadu zipo za bure, mnahangaika na makaratasi karne hii.

kasulu_mjini
Simu ya nani? Yako au yangu? Kwetu jamaa alikuwa anarusha kwenye simu kioo kimeelekea kifuani, anatusomea namba. Kila siku 17, 18, 19.

simu_tu
Huyo ni mtu mbaya sio simu mbaya, weka simu katikati ya meza

kasulu_mjini
Na umeme ukikatika siku mbili chaji utatoa wapi, kwenye karabai?

simu_tu
Pawabenki ipo mkuu acha ubishi

mtoto_wa_mwanga
Jamani simu mtabishania baadaye. @binti_kibirizi gemu masta alirudisha nyuma au?

binti_kibirizi
Hakurudisha. Alisema kilichotokea kimetokea, dunia haigeuki. Jamaa wa saa alimtoa mchezoni, lakini grisi yake hakuigusa. Na mimi mpaka leo naona la grisi ni baya kuliko la saa, maana mwizi tulimjua ni mwizi. Huyu alifanya mchana kweupe halafu akataka tumshukuru kwa kisa kizuri.

ujiji_kwetu
Hapana dada hapo sikubaliani. Gemu masta ndo mwenye dunia, kama ndani kuna grisi kuna grisi, moto na grisi mtoto mdogo anajua. Mkitaka kila kitu kiwe kwenye kitabu chezeni bao.

mtoto_wa_mwanga
Kuwa na grisi sawa. Aseme "chumba kinanuka grisi, sakafu inateleza" kabla hajarusha. Pale mtu anachagua akijua.

ujiji_kwetu
Alisimulia tangu mwanzo mashine zimepakwa grisi, dada mwenyewe kasema!

binti_kibirizi
Alisimulia historia ya meli, hakusema moto unazidishwa. Grisi ya kusimuliwa na grisi ya mara mbili ni vitu viwili.

kwihara_1
Mimi hapa nipo na dada. Sisi gemu masta akitaka kuongeza sheria anatangaza, tunapiga kura, na inaanza kutumika wiki ijayo, haianzi muda huohuo.

mzee_wa_reli
Kura tena, mmefanya baraza la kata

mtumishi_k
Vijana nawasalimu. Maiti zinazotembea, wachawi, makuhani wa taa, hamuoni mnajifungulia milango? Mkasali.

fundi_gungu
Shikamoo mzee. Tunasali na tunacheza. Pale mezani tunahesabu tu, hakuna anayeroga mtu.

kitabu_mkononi
Dada swali moja, kwa nini mchawi wako hukumpeleka tawi la evokesheni, lile la uchawi wa mashambulizi kama moto? Kwa sheria za 2014 kuanzia levo ya pili unawatenga wenzako ndani ya moto wako hawaungui kabisa. Usingehitaji kubishana na mtu.

binti_kibirizi
Nilichagua tawi la kinga kwa sababu Bi Chumvi ni mtu wa kulinda alivyo navyo. Simwundi mtu kwa ajili ya mpira mmoja wa moto.

kitabu_mkononi
Sawa, lakini sheria ipo ili ikusaidie.

mwl_hesabu_tbr
Anayeunda mhusika kwa moyo asiadhibiwe na anayeunda kwa kikokotoo. Ndo maana mimi mezani kwangu ni pointi 27 kwa wote za kununulia namba za uwezo, ile 15 inakula 9, 14 inakula 7, unajipangia unavyotaka. Zile 15, 14, 13, 12, 10, 8 ukizijumlisha gharama zake ni 27 kamili, kwa hiyo hakuna aliyependelewa.

ujiji_kwetu
Na raha ya kurusha iko wapi? Kurusha dadu nne unaacha ndogo wastani ni 12.24, namba za kawaida wastani 12. Unanipunja mwalimu.

mwl_hesabu_tbr
Rusha, lakini mbele ya wote, na mtu yeyote mezani aruhusiwe kutumia namba zako. Ukipata 18 mbili tunazo wote.

ujiji_kwetu
Eeh hiyo nzuri. Naichukua.

karabai_mwenyewe
Nimetumiwa huu uzi na mtu. Mimi ndo nilikuwa Mzee Karabai.

Dada kasimulia vizuri ila kuna jambo hakulijua. Mimi la grisi nilikuwa nimelimeza, mvuvi kufa na moto kwenye meli ni kifo kinachoeleweka. Kilichonichoma ni baada ya kofia kumwagwa. Mlibishana nyie wanne, arudi asirudi, dunia inageuka haigeuki, wengine mmesimama, shangazi naye anaamua, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia akaniuliza we unatakaje. Mhusika ni wangu. Kumfufua haikuwezekana, kuhani mwenye uchawi wa kufufua alikuwa yeye mwenyewe, na almasi ya thamani ya dhahabu 300 hatukuwa nayo. Kwa hiyo kilichobaki ni neno langu na halikuulizwa.

binti_kibirizi
Kumbe. Mdogo wangu mbona hukuniambia siku zote hizi

karabai_mwenyewe
Ungeniuliza ningesema.

mtoto_wa_mwanga
Na ungetakaje?

karabai_mwenyewe
Achomoe upya zote tatu kwenye kofia yenye ishirini. Akifa afe.

fundi_gungu
Karatasi yake bado unayo?

karabai_mwenyewe
Ninayo.

kwihara_1
Mimi nina dadu za ishirini mbili za ukweli, nilitumiwa na ndugu kutoka Dar. Mwezi ujao nina safari ya Kigoma, nakuja nazo. Nani ana meza?

binti_kibirizi
Shangazi kahamia Katubuka, chumba cha nyuma kipo. Mdogo wangu njoo na karatasi. @kwihara_1 na asali usisahau.

simu_tu
Na mimi nakuja na simu, nitaiweka katikati ya meza.

kasulu_mjini
Kioo juu.