Ushauri: Mfumo wa tiketi za basi, tuuvunje kuwa maikrosevisi?

Kijana_wa_Kodi: Wakuu salaam. Tuko vijana watatu, tunahudumia mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani. Programu ni moja, imeandikwa kwa Laravel (ya PHP), databesi ni MySQL, seva moja. Siku za kawaida haina neno. Desemba watu wakianza kwenda kwao, mhasibu akivuta ripoti tu RAM inajaa, wakata tiketi wote wanakwama. Mwenzetu anataka tuivunje vipande vidogo vinavyojitegemea (ndiyo maikrosevisi), kila kipande kontena lake, halafu Kubernetes, ya kusimamia kontena zote, juu yake. Kuna faida kweli au ni fasheni? Nawasilisha.

Fundi_Seva: Mkuu, hayo ni mambo mawili. Kontena ni kufungasha tu: programu, toleo la PHP na maktaba zake vinasafiri pamoja, kwa hiyo yale ya "kwangu mbona inafanya kazi" yanapungua. Hiyo faida mnaipata hata bila kuvunja chochote. Desemba mkikodi seva ya pili, mnawasha kontena lilelile, Januari mnazima. Ila seshoni (kumbukumbu za nani ameingia) zihamishieni kwanza Redis, ghala la data ambalo seva zote mbili zinalisoma, la sivyo karani ataingia seva hii, akibofya tena anaambiwa hajaingia.

Cha kuvunja ni ripoti peke yake. Ipe kontena lake na kikomo cha RAM. Ikivuka, Linux inaiua hiyo (ukiona imezimika na namba 137 mara nyingi ndiyo hiyo), tiketi zinaendelea kuuzwa.

Mama_Databesi: Umesahau databesi. Ripoti ikisoma MySQL ileile, foleni mmeihamisha tu. Wekeni nakala ya kusomea, yaani databesi ya pili inayofuata ile kuu, ripoti isome huko. Na tafadhali, malipo na viti msivitenganishe! Leo uthibitisho wa malipo na kushika kiti vinaandikwa kwa muamala mmoja: vyote au hakuna. Mkivigawa, abiria atalipa halafu huduma ya viti iwe imelala. Huyo abiria mtamweleza nini pale stendi?

Mzee_wa_Linux: Kubernetes kwa watu watatu? Docker Compose, ya kuwasha kontena chache pamoja kwenye seva moja, inawatosha. Hata Prime Video, huduma ya video ya Amazon, mwaka 2023 walieleza walivyorudisha mfumo wao wa kukagua ubora wa video kutoka vipande kuwa programu moja, gharama ikashuka kwa zaidi ya 90%.

Kijana_wa_Kodi: Shukrani wakuu. Mama, hiyo nakala inaweza kukaa seva hiihii?

Mama_Databesi: Inaweza, ila zitagombania diski moja. Kodini VPS (seva pepe ya kukodi) ndogo pembeni.